Fuata shamba, utamjua aliyemuua bibi

Kila bibi akikatwa mapanga huko Shinyanga au Simiyu habari inakuja vilevile, imani za kishirikina, watu wanasikitika kidogo kwenye komenti halafu wanarudi kwenye Simba na Yanga. Mi nakataa. Imani ipo, hilo nani hajui, lakini imani haimlipi mkata mapanga. Kuna mtu katoa hela.

Angalia inavyokwenda. Mtoto anaumwa homa haishi, au ng'ombe wanakufa mfululizo, familia inachangishana inaenda kwa mpiga ramli. Yule ni mjanja, jina hataji, anasema tu anayewaroga ni mwanamke, mtu mzima, hakai mbali na nyie. Mkirudi nyumbani wote mnamwangalia bibi mmoja, na huyo bibi mara nyingi ni mjane, anakaa peke yake, ana heka zake mbili tatu za pamba ambazo watoto wa shemeji zake wanazipigia hesabu toka siku ya mazishi ya mzee. Na wana pa kusimamia, maana sheria za mila zilizoandikwa 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye urithi wa mume, atunzwe na wanae. Sasa ambaye hakuzaa je? Anakaa pale kama mpangaji aliyechelewa kuhama.

Halafu ndo mnaambiwa ana macho mekundu, eti dalili ya mchawi. Jamani! Usukumani sehemu nyingi miti imeisha, watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na mabua. Ingia jikoni kwa bibi yeyote jioni, mafiga matatu, dirisha hakuna, moshi umetanda mpaka sufuria huioni, anapuliza moto ameinamisha kichwa mpaka chini, we mwenyewe unakaa kidogo tu unakimbilia nje unafuta machozi. Yeye kapikia humo toka ameolewa, macho yatakuwaje meupe?

Kule Magu kuna shirika linaitwa Maperece, liliwajengea wazee majiko yasiyo na moshi mwingi na likawasaidia kuandika wosia. Kazi nzuri sana sibezi, ila hilo la majiko huwa linaniuma, yaani bibi ndo atibiwe macho ili asiuawe. Wosia ndo umegusa penyewe.

Kuna mchumi anaitwa Edward Miguel alichunguza mauaji ya wilaya ya Meatu, utafiti wake ukatoka 2005. Aligundua kwamba mwaka wa ukame au mafuriko wanaouawa kwa tuhuma za uchawi wanakuwa mara mbili ya miaka mingine, wakati mauaji ya aina nyingine yanabaki palepale. Wanaouawa karibu wote ni wanawake wazee, na wanaoua mara nyingi ni ndugu zao. Sasa niambie, huo uchawi unaosubiri mvua igome ndo uanze kazi ni uchawi gani? Chakula kimepungua, mtu anahesabu midomo nyumbani anaanza kupunguza na yule mzee.

Na msidhani ni watu wa usiku tu. Oktoba 2014 pale Murufiti, Kasulu, watu 7 walichomwa moto, polisi wakakamata 23 na mganga akiwemo. Julai 2017 wanawake 5 wakauawa kijiji cha Uchama, Nzega, mbele za watu. Umati ule sio wote walikuwa na shida ya shamba, wengine walifuata mkumbo tu, lakini wa kwanza kunyoosha kidole huwa ana lake, huyo ndo natamani apelelezwe kabla ya wote, aulizwe alienda kwa nani, alilipa shilingi ngapi, na msimu huu lile shamba analima nani.

Sheria yetu ya uchawi ni ya 1928, ya mkoloni, na mpaka leo inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayetuhumiwa uchawi akakae sehemu nyingine. Yaani anayehamishwa ni bibi, mpiga ramli anabaki na wateja wake! Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku hawa wa ramli, lakini we pita stendi yoyote uangalie nguzo za umeme, vibao vyao vimejaa, namba ya simu kubwa kabisa, na wakubwa wanapita hapohapo na magari yao kila asubuhi.