Mji Mkuu Ulioumuka Ndani ya Begi

Nilipotangaza barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, kwamba naenda Dodoma kumtazama mpwa wangu anayefanya kazi huko, kahawa iliwapalia watu wawili.

"Dodoma? Wenda kufanyani?" akauliza mzee mmoja. "Wenzio wakenda Tanzania huenda Unguja, au wakatazame simba Serengeti. Dodoma kuna nani?"

"Ni mji mkuu."

Hapo nilikosea. Baraza letu halijaisamehe Nairobi kwa kutunyang'anya makao makuu mwaka 1905, kwa hivyo mji mkuu wowote hushukiwa kwanza. "Basi tuletee ushahidi," wakasema. "Kitu ambacho hapa hakuna."

Kutoka Dar nilipanda treni ya umeme, na baada ya saa tatu na ushei nikashuka mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, nimevaa kanzu yangu nyepesi ya Mombasa. Upepo wa Agosti uliingia kwa chini ukatokea shingoni. Mpwa wangu alikuja na koti mkononi, hakusema neno.

Nikaonyeshwa Bunge kwa nje, nikaswali Ijumaa Msikiti wa Gaddafi, nikapiga picha Nyerere Square bila mtalii hata mmoja wa kunizibia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, mpwa akanieleza, ulipitishwa 1973, lakini serikali ikaanza kuhamia kwa dhati 2016. Miaka 43! Na mke wangu hunisema kwa ukuta niliomwahidi kupaka chokaa tangu mfungo wa mwaka juzi. Nikaipenda Dodoma papo hapo. Nikasimuliwa pia kisa cha Wagogo cha tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia topeni, ndipo mahali pakaitwa hivyo. Nilicheka sana. Kumbe tembo mwenyewe ni mimi.

Kilichonimaliza ni zabibu. Bara kame vile, mibuyu imesimama kama imefiwa, lakini zabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mama mmoja akanikamulia juisi nyekundu, nzito. "Haina maji, haina sukari, haina dawa," akasema. "Ila uinywe leo leo, baba."

Nikaitikia kwa adabu, nikanunua chupa mbili za lita moja na nusu, nikazifunga kwa nguvu zangu zote.

Mtu anayekula mahamri kila asubuhi ya Mungu alipaswa kujua. Zabibu huja na hamira yake kwenye maganda. Ikipata joto hula ile sukari, ikatoa hewa, na ulevi juu yake. Nami niliipa joto la kutosha: usiku mzima Dar katika chumba kisicho na feni, kisha basi la alfajiri kupitia Tanga, begi limebanwa karibu na injini.

Mpakani Horohoro mizigo ikashushwa. Afisa alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo mzee. Humu mna nini?"

"Marahaba. Juisi."

"Mbona imevimba?"

Chupa ilikuwa imenenepa hata tako lake limekuwa duara, haisimami. "Ni safari tu," nikamwambia. "Hata mimi miguu imevimba."

"Naomba uifungue."

Sikuifungua mimi, ilijifungua. Kifuniko kilipita sikioni mwangu, povu likapanda hadi dari, likarudi kwa utaratibu: nusu juu ya kanzu yangu nyeupe, nusu juu ya afisa. Harufu ikatufikia baadaye. Bibi mmoja mwenye buibui akasogeza mjukuu wake. "Astaghfirullah, na ndevu zote hizo!"

Afisa akajipangusa uso polepole. "Mzee, hii juisi ina umri gani?"

"Siku mbili."

"Imekua haraka."

Chupa ya pili aliigusa kwa kidole kimoja, akaniomba niende nayo mbali naye. Kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya, hadi feri ya Likoni nimeipakata kama mtoto mwenye tumbo, kila dakika kumi nalegeza kifuniko, *fyuuu*, na kila ikipiga mbinja abiria wa kiti cha mbele anageuka kunitazama mimi.

Nyumbani alinifungulia mama mkwe. Akanusa kanzu. Akaitazama chupa. Mimi nikaanza kueleza kuanzia mwaka 1973.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. Akaichukua kwa ncha ya kanga, akaiweka pembeni uani, akaifunika kitambaa. "Msiitie kitu, msiiguse. Ijigeuze yenyewe siki, itakuwa halali. Tutaitia kwenye kachumbari."

Ni wiki ya tatu sasa. Kila jioni nikifika barazani, kabla sijapewa kikombe, yule mzee huuliza: "Je, mji mkuu haujawa siki?"