Abe Mitchell na ile 84 ya Deal

Juu ya kifuniko cha Kombe la Ryder, kombe la gofu ambalo timu ya Uingereza ilishindania na Marekani, amesimama mwanagofu mdogo wa dhahabu, fimbo mkononi. Huyo ni Abe Mitchell, Mwingereza wa Sussex, aliyekuwa mwalimu binafsi wa Samuel Ryder, mfanyabiashara wa mbegu aliyelitoa kombe hilo. Hata hivyo Mitchell hakuwahi kutwaa Mashindano ya Wazi ya Uingereza, na wapo wanaosema alikuwa na kipaji kikubwa, moyo ndio uliomwangusha.

Hoja yao ina uzito, na ushahidi wao ni Mashindano hayo ya Wazi ya mwaka 1920, kwenye uwanja wa Deal, Uingereza. Baada ya raundi mbili Mitchell alikuwa na mikwaju 147, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye anayeongoza. George Duncan alikuwa amepiga 80 mara mbili, jumla 160. Raundi ya tatu Duncan akapiga 71, Mitchell 84. Pengo la mikwaju 13 likafutika lote katika raundi moja! Duncan akaondoka na ubingwa, Mitchell akamaliza wa nne. Nampenda sana mchezaji huyu, lakini ile 84 siwezi kuitafutia udhuru: Duncan alicheza uwanja uleule, siku ileile.

Lakini gofu ya zama zile haikuwa kuhesabu mikwaju tu. Katika mechi ya ana kwa ana, ukiliharibu shimo unapoteza hilo moja, kisha mnaanza upya kwenye linalofuata. Humo Mitchell alitisha. Ubingwa wa mechi za namna hiyo kwa wachezaji wa kulipwa wa Uingereza aliuchukua 1919, 1929, na pia 1920, mwaka uleule wa Deal. Mtu aliyevunjika moyo hafanyi hivyo. Mwaka 1926, pale Wentworth, alimfunga Jim Barnes, bingwa mtetezi wa Mashindano ya Wazi, akiwa mbele kwa mashimo 8 huku yamebaki 7 tu, yaani mechi imekwisha.

Kwa hiyo naukubali udhaifu wake wa kadi ya mikwaju, ila naikataa hukumu ya woga. Mwoga angejificha presha ilipopanda. Mwaka 1933, Kombe la Ryder lilipochezwa Southport, Mitchell alikuwa na miaka 46. Alimchapa Mmarekani Olin Dutra kwa mashimo 9 yakiwa yamebaki 8, na Uingereza ikashinda kwa pointi 6½ dhidi ya 5½. Bila pointi yake, kombe lingekwenda Marekani.