Achaneni na Hiyo "Mara 60"

Imeniuma kuona mwanafunzi akimwaga akiba yake yote katika duka moja hapa mjini, akanunua darubini ya jicho moja kwa sababu tu muuzaji alimwambia inakuza mara 60. Hakuambiwa lolote kuhusu lenzi ya mbele wala stendi. Akaenda nayo mbuga ya Nairobi kutazama ndege, akarudi akidhani macho yake ndiyo mabovu. Macho yake ni mazima kabisa!

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ugawanye kwa ukuzaji. Jibu ndilo upana wa mwanga unaoingia jichoni mwako. Lenzi ya mm 50 ikikuza mara 60 inakupa chini ya milimita moja: picha ya giza, rangi zimefifia, na ukiigusa tu kila kitu kinatikisika. Lenzi hiyohiyo kwa mara 20 inakupa mm 2.5, na ndege anaonekana. Halafu kuna jua letu. Likishapanda, hewa juu ya nyasi inaanza kucheza, na unavyozidi kukuza ndivyo unavyoikuza hewa hiyo pia. Nenda Hyena Dam, bwawa la mbuga hiyo ya Nairobi, msimu wa chokowe (ndege wa ukingoni mwa maji) wanaotoka kaskazini, kuanzia Septemba. Wale wadogo kabisa, mara nyingi rangi ya miguu ndiyo inayokuambia ni yupi: nyeusi au ya manjano. Adhuhuri, kwa mara 60, huoni mguu. Unaona kitu kinayeyuka. Rudisha hadi 20, utulie, uangalie tena.

Haya, mwenye lenzi ya mm 80 alfajiri anaweza kufika 60 akafurahia. Lakini nani atalibeba dude hilo na stendi yake kwenye matembezi ya Jumatano ya kutazama ndege ya Nature Kenya, shirika la wapenda mazingira, kisha apande nalo matatu?

Mwenye bajeti ndogo atafute mm 50 hadi 60, lenzi ya ED (kioo maalumu kinachopunguza kingo za rangi kwenye picha), iliyozibwa isiingie maji. Nikon ED50, Opticron MM3 na Celestron Hummingbird ziko kwenye kundi hilo. Ya mtumba si mbaya, ila mulika tochi ya simu ndani ya lenzi utafute fangasi, hasa kama ilikaa Pwani. Toka nayo hadi mlangoni, usome kibao cha ng'ambo ya barabara kabla hujalipa. Zile za mtandaoni zilizoandikwa 40x60, yaani mara 40 kwa lenzi ya mm 60, ziache.

Pesa inayobaki iende kwenye stendi imara. Na kwa kuwa mbugani hushuki garini ila paliporuhusiwa, shona mfuko wa kitenge, ujaze maharagwe, shusha kioo nusu, ulaze darubini juu yake. Kisha mwombe dereva azime injini kabisa. Injini ikinguruma, hata darubini ya laki tatu haikusaidii kitu.