Sehemu Kongwe ya Kasri la Heidelberg: Kujenga Upya au Kuacha Gofu?

Juu ya mji wa Heidelberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwenye bega la mlima Königstuhl liitwalo Jettenbühl, limesimama gofu la mawe mekundu ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja limezua ubishi usiokwisha: je, jengo lililobomoka lirudishwe lilivyokuwa, au liachwe lilivyo na kuzuiwa tu lisiendelee kuanguka? Kwa kawaida ubishi huo husimuliwa kupitia majengo mawili ya kifahari ya ua wa kasri, Ottheinrichsbau na Friedrichsbau. Mimi naona kuwa ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye jengo la tatu, lililo upande wa kushoto mara mgeni anapopita lango, ambalo wengi hulipita haraka kwa sababu ukuta wake hauna safu za sanamu. Hilo ni Ruprechtsbau, jengo la makazi kongwe kuliko yote yaliyosalia katika kasri hilo.

Jina lake linatokana na Ruprecht wa Tatu, mtawala wa Palatinate (eneo ambalo Heidelberg ilikuwa makao yake) aliyechaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani mwaka 1400 na kufariki mwaka 1410. (Asichanganywe na Ruprecht wa Kwanza, aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Heidelberg mwaka 1386.) Habari hiyo hatuipati kwenye vitabu peke yake, kwani imechongwa ukutani. Kibao cha jiwe kilichopo hapo kinaeleza kwa beti za Kijerumani cha zamani kwamba Ruprecht alichaguliwa kuwa mfalme, akatawala miaka kumi na kuikamilisha nyumba hiyo, kisha mtawala Ludwig akaifanya upya hadi ikawa kama inavyoonekana sasa. Kwa kuwa kibao kinataja pia kifo cha Ludwig, yaani Ludwig wa Tano aliyefariki mwaka 1544, hakiwezi kuwa kimeandikwa kabla ya mwaka huo, na hivyo ni maneno ya karne ya 16 kuhusu kazi ya mwanzoni mwa karne ya 15. Mbali na kibao, juu ya mlango kuna jiwe la kilele cha tao lenye malaika wawili walioshika taji la maua ya waridi, na ndani ya taji hilo mna bikari iliyofunguliwa nusu. Wenyeji husimulia kwamba malaika hao ni watoto pacha wa fundi mkuu, walioanguka kutoka kwenye jukwaa la waashi wakafa, kisha wakamtokea baba yao ndotoni. Ni hadithi nzuri, ingawa bikari yenyewe yaelekea ni alama ya kazi ya ujenzi kuliko ya msiba.

Kasri hili halikuwa gofu kwa siku moja. Majeshi ya Ufaransa yaliliharibu mwaka 1689, yakarudi mwaka 1693 na kulipua kwa baruti sehemu zilizokuwa zimesalia. Mwaka 1720 mtawala Karl Philipp aliuhamishia utawala wake Mannheim, na kasri likapoteza sababu ya kukarabatiwa kwa dhati. Mrithi wake, Karl Theodor, alikuwa na nia ya kulirudia, lakini mwezi Juni mwaka 1764 radi ililipiga na moto ukateketeza kilichokuwa kimejengwa upya. Baada ya hapo watu wa mjini walilitumia kama machimbo ya mawe. Aliyewazuia, na hapa historia ina kejeli yake, alikuwa Mfaransa: Charles de Graimberg, aliyefika mwaka 1810, akaishi ndani ya kasri kwa miaka mingi akililinda, akichora picha zake na kukusanya vitu vyake.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 swali la nini kifanyike lilikuwa limeshakuwa la kitaifa. Serikali ya Baden, dola ya Ujerumani iliyomiliki Heidelberg wakati huo, ilianzisha ofisi maalumu ya ujenzi ya kasri mwaka 1883, ikapima na kuchora karibu kila jiwe, na mwaka 1891 kamati ya wataalamu ikaamua kwamba kujenga upya kasri lote au sehemu yake hakuwezekani, bali lihifadhiwe. Hata hivyo Friedrichsbau, jengo la mwanzoni mwa karne ya 17 ambalo halikuwa limebomoka sana, lilirejeshwa kati ya mwaka 1897 na 1900 na msanifu Carl Schäfer. Baada ya kufanikiwa hapo, Schäfer alitaka kuendelea na Ottheinrichsbau, ambalo halikuwa na paa, na akaandaa michoro yenye mapembetatu mawili makubwa, yaani kuta za pembetatu zinazofunga ncha za paa, juu ya ukuta wa mbele.

Hoja ya Schäfer na waliomuunga mkono haistahili kubezwa, kama inavyobezwa mara nyingi na wanaojua nani alishinda. Jiwe la mchanga hunyonya maji, na maji hayo yakiganda wakati wa baridi hulipasua. Ukuta usio na paa hupata mvua pande mbili, ya mbele na ya nyuma, jambo ambalo mjenzi wake hakulikusudia kamwe. Kwa hiyo anayesema “tuliache gofu kama lilivyo” anasema, apende asipende, kwamba lizidi kupungua kidogo kidogo kila mwaka. Isitoshe, jengo lenye paa linaweza kutumika, na jengo linalotumika hupata wa kulitunza. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1900 na 1908, ngome ya Hohkönigsburg huko Alsace, iliyokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, ilijengwa upya na Bodo Ebhardt kwa amri ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na hadi leo imesimama imara na inapokea wageni wengi.

Mpinzani mkuu alikuwa Georg Dehio, mwanahistoria wa sanaa aliyefundisha Strassburg. Mwaka 1901 alitoa hoja kwamba kujenga upya kungeondoa kitu halisi na kuweka mwigo mahali pake, na kwamba kitakachopatikana hakitakuwa cha kale wala kipya. Kwake, wajibu wa kizazi kilichorithi jengo ni kuhifadhi, si kurejesha. Swali la mapembetatu lilimsaidia sana, kwa maana wataalamu hawakukubaliana kuhusu umbo la paa la Ottheinrichsbau, na michoro ya zamani iliyoletwa kama ushahidi nayo ikabishaniwa. Hatimaye jengo hilo liliachwa bila paa, na msimamo wa Dehio ukawa msingi wa uhifadhi wa majengo Ujerumani, kisha mwangwi wake ukasikika katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa uhifadhi wa majengo ya kale, unaosema kwamba urejeshaji lazima ukome pale ubunifu wa kukisia unapoanza.

Hapo ndipo ninapoona Ruprechtsbau inaweka pande zote mbili pagumu. Tuseme jengo hili kongwe lingebomoka kesho na michoro yote ingekuwepo. Tungelirudisha kwenye mwaka upi? Wanaopenda asili wangesema 1400, lakini hilo lingetulazimu kufuta kazi ya Ludwig wa Tano, ambaye kibao chenyewe kinamsifu kwa kulifanya jengo liwe kama lilivyo. Tukichagua 1544, tutapata shida na meko ya mtindo wa Renaissance ya mtawala Friedrich wa Pili iliyomo ndani, kwa sababu Friedrich alitawala baada ya Ludwig. Kila mwaka tutakaoutaja utamtupa nje mtu fulani. Mkataba wa Venice ulilijua tatizo hili ulipotaka mchango wa kila kipindi uheshimiwe na kukataa kuufanya umoja wa mtindo kuwa lengo la urejeshaji.

Lakini wapenda magofu nao wasifurahi mapema. Ruprechtsbau ya leo ina paa, ina sakafu, na wageni huongozwa ndani yake. Paa hilo ni uingiliaji wa binadamu kama uingiliaji mwingine wowote, na bila hilo meko ingekuwa inanyeshewa. Kwa maneno mengine, sehemu kongwe tunayoionyesha kama mfano wa kile kilichonusurika imenusurika kwa sababu mtu aliamua kutoiacha kama ilivyokuwa baada ya vita. Kati ya kufunika ukuta na kuukamilisha kuna tofauti, nami naitetea: paa la kulinda halidai kuwa la Ruprecht, ilhali mapembetatu ya Schäfer yangedai kuwa ya Ottheinrich, mtawala ambaye Ottheinrichsbau limepewa jina lake. Ila tofauti hiyo ni ya kipimo na uaminifu, haiwapi wahifadhi haki ya kujiona kana kwamba hawakugusa kitu.

Kisha kuna suala la neno “kongwe” lenyewe. Mwaka 1225 hati inataja ngome ya Heidelberg, na mwaka 1303 zinatajwa ngome mbili, moja ikiwa juu zaidi mlimani, ambayo mwaka 1537 radi iliipiga na baruti iliyohifadhiwa humo ikailipua. Kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kudhani kwamba ukale wote uliotangulia Ruprecht ulikuwa huko juu. Lakini mwaka 1897 dirisha la mtindo wa mwisho wa Kiromaneski (mtindo wa ujenzi wa Ulaya uliotangulia ule wa Kigothi), lililokuwa limezibwa, liligunduliwa katika ukuta unaopakana na Friedrichsbau, na mwaka 1976 wachimbaji waliokuwa kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ruprechtsbau walipata kipande cha dirisha chenye umbo la jani la klova katika tabaka la kifusi lililowekwa hapo karibu mwaka 1400. Uchimbaji wa mwaka 1999 katika eneo la Ludwigsbau, jengo jingine la kasri hilo, uliongezea dalili kwamba Jettenbühl ilikuwa na majengo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 13.

Kipande hicho cha mwaka 1976 ndicho kinachonishughulisha zaidi, kwa sababu ya mahali kilipopatikana. Tabaka la kifusi la wakati wa Ruprecht lina maana kwamba jumba la zamani zaidi lilivunjwa, yaelekea ili kupisha jipya, na kwamba jengo tunaloliheshimu kwa ukongwe lilianza kwa kuondoa jengo lililokuwa kongwe kuliko lenyewe. Hakuna anayependekeza leo kulijenga upya jumba lile la madirisha ya klova, na sababu inayotolewa ni kwamba kipande kimoja hakitoshi kutuambia lilikuwaje. Schäfer alikuwa na kuta nzima za Ottheinrichsbau mkononi, si kipande kimoja. Lakini kwa sehemu iliyokuwa juu ya kuta hizo, mahali alipotaka kuweka mapembetatu yake, hakuwa na uhakika wa kutosha kumaliza ubishi.