Prosesa Iliyofunga Ramadhani

Ramadhani ya mwaka 2024 iliangukia Machi, mwishomwisho wa Kaskazi, wakati ambapo majumba yetu ya Michenzani, yale marefu ya saruji yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, hunywa jua tangu asubuhi na kulitema usiku kucha. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na Unguja Shaabani ni mwezi wa kuoana: watu huharakisha kabla ya mfungo, kisha wote kwa pamoja hutaka kujiona kabla ya Idi. Nilikuwa na harusi kumi na moja za kumaliza na kompyuta moja ya mezani, yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i5-2500K, toleo la mwaka 2011, iliyonifikia baada ya kupita mikononi mwa watu wawili.

Hiyo herufi K mwishoni ndiyo iliyoniponza. Maana yake ni kwamba kizidishi cha prosesa hakikufungwa: saa ya msingi, yale mapigo yanayoiongoza prosesa, ni megahezi 100, kiwandani huzidishwa mara 33 zikapatikana gigahezi 3.3, lakini mwenyewe ukitaka unaingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kompyuta inapowaka, na kuandika namba nyingine. Nikaandika 45. Kompyuta ikawaka ikazima, nikaiongezea volti kutoka 1.2 hadi 1.35, ikawaka ikatulia, na mimi nikajiona mhandisi. Nililolijua nikalipuuza ni kwamba joto inalolitoa prosesa hupanda sawa na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake, kwa hiyo ukiongeza vyote viwili kidogo kidogo, joto haliongezeki kidogo. Kwa hesabu niliyokuja kuipiga baadaye, lilikuwa limezidi kwa takriban asilimia 70. Na feni, hata ingekuwa kubwa kama pangaboi la msikitini, haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na chumba chenyewe kilikuwa nyuzi 33.

Hata hivyo sikuwa mjinga kabisa. Niliagiza kipozeo kikubwa chenye mirija ya shaba, kikaja kwa boti kutoka Dar es Salaam, na asubuhi nilipoijaribu kompyuta kwa mzigo kamili ikasimama kwenye nyuzi 76 bila kutikisika. Balaa lilikuwa la jioni.

Utaratibu wangu ulikuwa huu: alasiri ikiadhiniwa naiachia kompyuta harusi moja iipike, ndivyo ninavyoita mimi kule kuunganisha vipande vyote kuwa faili moja, kazi inayoikamua prosesa kwa saa kadhaa mfululizo. Kisha naenda kuswali, napita Darajani, namalizia barazani hadi karibu na magharibi. Nikirudi nakuta harusi haijafika nusu, na programu ya kupima joto imeandika nyuzi 98, ambazo ndizo kikomo cha prosesa ile; ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na siku nyingine niliikuta ikijiburuza kwa gigahezi 1.6. Nilikuwa nimeifunga ngalawa injini ya boti, nayo ikifika katikati ya mkondo inazima injini na kuanza kupiga kafi.

Kwanza niliishuku pesti, ule uji wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo ili kuziba vijinafasi vya hewa. Nilikipandua kipozeo, nikafuta kwa spiriti, nikapaka upya kiasi cha punje ya choroko. Jioni, 98. Nikadhani choroko haitoshi, nikapaka kiasi cha haragwe, uji ukafurika pembeni, nikafuta, nikarudi kwenye choroko. Mara nne nimefanya hivyo, nikiwa nimefunga, jasho likinidondoka juu ya ubao mama. Nikapunguza volti hadi 1.28, kompyuta ikagoma na kioo kikawa cha buluu katikati ya bibi harusi anayeingia ukumbini. Rafiki yangu mmoja akanishauri niizungushie barafu, nikamwambia kwa unyevu wa hewa yetu hii vyuma vitatoka maji kama chupa ya soda, na huo ndio utakuwa mwisho wake.

Lililonichanganya zaidi ni mchoro wa joto. Kila siku mstari ulikuwa umelala kwenye 77 au 78, kisha kama saa kumi na robo unapanda kama mtu anayekwea mnazi, unabaki kileleni, na ilipokaribia saa kumi na moja na nusu unashuka. Nikalaumu umeme, kwamba jioni kila nyumba inapika. Nilipolieleza jambo hili barazani, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri magharibi kwa macho yaliyolegea alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mashine yako imefunga, bwana. Nani asiyeregea alasiri?" Baraza zima likacheka, na mimi, kwa nilivyokuwa nimekata tamaa, nikaifikiria hoja ile kwa dakika mbili nzima.

Nikiri pia kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nikisikia harufu ya iliki nikiinama nyuma ya kompyuta. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni saumu.

Siku ya kumi na sita nilirudi mapema, na kutoka mlangoni nikasikia tak-tak-tak. Feni ya nyuma ya kasha ilikuwa ikipiga kitu. Ukuta wa nyuma, ambao mimi mwenyewe niliupaka rangi ya samawati, ulikuwa umetapakaa vidoadoa vyeupe kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua changu, na kimoja kilikuwa bado kinateremka taratibu, kikivuta nyuma yake chembe ya iliki. Katikati ya ukuta na kasha, penye nafasi isiyozidi shubiri, palikuwa na sufuria iliyozongwa kanga mbili na kufunikwa kawa. Kawa lilikuwa limeinuliwa upande na uji wa mchele uliokuwa ukitoa mapovu, ambao ulifurika, ukaegemea matundu ya feni, na feni ikawa inauchota na kuutupa.

Nikang'oa waya ukutani. Shangazi yangu akatokea mlangoni akiwa na buibui lake, anatoka kumtazama mgonjwa nyumba ya tatu.

"Shikamoo, shangazi. Hii nini?"

"Marahaba, baba. Mkate wa kumimina huo. Aa! Umemwagika? Nimekawia mie."

"Tangu lini unauweka hapa?"

"Tangu mfungo mosi— eh, tangu tuanze kufunga. Mie nasomesha chuoni hadi alasiri, nikirudi nasaga mchele mbiombio, jikoni haukuumuka kwa wakati. Huku nyuma ya mtambo wako unatoka upepo wa moto, unakwenda bure. Saa moja tu, umeshajaa."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu mkate wenyewe nilikuwa nikiula kila siku, na nilikuwa nimeusifu. Upepo ule ungekaribia nyuzi 60 hamira ingekufa na siri ingefichuka siku ya kwanza, lakini haukufika. Ulikuwa moto wa kadiri, uliopimwa kana kwamba nimeukusudia.

Nilisafisha feni kwa mswaki, nikalisogeza kasha mbali na ukuta, nikashusha kizidishi hadi 42 na volti hadi 1.25. Alasiri ile nyuzi hazikupita 71, na harusi mbili zikaiva kabla ya isha. Siku ya pili yake tukafuturu kwa muhogo. Siku ya tatu, muhogo. Siku ya nne nilimkuta shangazi ameinama nyuma ya kompyuta, kiganja amekitandaza mbele ya feni kama anayepima homa ya mtoto.

"Baba, umeupunguza?"

Nikarudisha kizidishi 45, na volti zake. Sufuria sasa inakaa juu ya kigoda, mikono miwili kutoka kwenye feni, na kabla ya kutia hamira shangazi hupiga hodi chumbani kwangu kuuliza leo napika harusi ya nani, kwa kuwa ameshapima mwenyewe kwamba ya saa tatu inatosha mikate miwili, na ile yenye taarabu hadi alfajiri inaweza kuchukua na wa jirani.