Nyufa za Savar na kiwanda tunachokitaka Mwanza

Jumamosi pale Mlango Mmoja nilichomoa shati kwenye rundo la mtumba, nikaligeuza nje ndani kuangalia mshono kama mama alivyonizoesha. Mshono ulikuwa wa mistari miwili, umenyooka, hakuna uzi ulioruka. Lebo ilionyesha limeshonwa Bangladesh. Shemeji yangu, mkulima wa pamba kutoka Magu, alilishika akauliza, "Sasa hili lingeshindikana kushonwa hapa?"

Ana haki ya kuuliza. Pamba ya Tanzania kwa sehemu kubwa inalimwa huku Kanda ya Ziwa, na nyingi ikishachambuliwa inafungwa marobota na kupelekwa nje ikiwa nyuzi tu. Mwanza ilikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex, Musoma ikawa na Mutex. Leo binti wa shemeji, aliyejifunza cherehani, anaziba viraka kwenye baraza ya duka la mtu. Anayesema kiwanda kije kwa masharti yoyote si mjinga, amechoka kusubiri. Na Bangladesh kweli viwanda vya nguo vimewapa ajira watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake waliotoka vijijini. Mwanamke kushika mshahara wake mwenyewe si jambo dogo.

Lakini mimi nikisikia "masharti yoyote" nakumbuka Savar, nje kidogo ya Dhaka. Tarehe 23 Aprili 2013 jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza lilionekana lina nyufa. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Kesho yake asubuhi washonaji wa viwanda vitano vya ghorofa za juu waliamriwa kuingia, na wengine walitishiwa kukosa mshahara wa mwezi. Jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134.

Jengo lilikuwa moja na nyufa ni zilezile. Karani wa benki alibaki nyumbani, mshonaji akapanda ngazi. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sioni kama ni umaskini peke yake ulioamua nani afe. Katika viwanda vile vitano hapakuwa na chama cha wafanyakazi hata kimoja. Hapakuwa na mtu wa kusimama mlangoni akasema "leo hatuingii" na bado akawa na kazi Jumatatu.

Hofu inayotajwa kila mara ni kwamba ukimbana mwekezaji atahamia kwingine. Hofu hiyo ina msingi, maana viwanda vya nguo hufuata wafanyakazi wa bei rahisi. Ila Bangladesh yenyewe ilibanwa. Mei 2013 kampuni za nje zilianza kutia saini mkataba wa usalama wenye nguvu ya kisheria, na hatimaye zikapita 200. Kima cha chini kilipanda mwaka huohuo kutoka taka (sarafu ya huko) 3,000 hadi 5,300 kwa mwezi. Wanunuzi hawakukimbia: mauzo ya nguo nje yalitoka kama dola bilioni 21 mwaka 2012/13 hadi bilioni 30 miaka mitano baadaye. Gharama ilikuwepo, maana viwanda vilivyoshindwa ukaguzi vilifungwa na waliokuwa humo wakapoteza kazi. Hata mshahara haujawa wa kutosha. Mwaka 2023 wafanyakazi waliingia barabarani kuudai, na baadhi yao waliuawa.

Kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ni sheria nzuri, lakini Bangladesh nao walikuwa na sheria za majengo, na ghorofa za juu za Rana Plaza ziliongezwa bila kibali.

Kwa hiyo nilimjibu shemeji kwamba nakitaka kiwanda kama yeye anavyokitaka, ila siku mwekezaji atakapokuja, kabla ya kuzungumza habari ya kiwanja na msamaha wa kodi, aulizwe kama wafanyakazi watakuwa na chama tangu mwezi wa kwanza. Shemeji alilikunja shati taratibu, akaniuliza, "Na akikataa?" Nikamwambia binti asiende. Hakunijibu, na najua kwa nini: viraka anavyoziba pale barazani havimlipii hata chumba.