Jangwani hakuna mjumbe

Wakuu habari za majukumu.

Tumefika Quartzsite jana jioni, magharibi ya Arizona, ukivuka mto Colorado tu uko California, na mpaka sasa naandika hii bado nacheka mwenyewe. Alikuja mzee mmoja wa kizungu, wale wanaojitolea kusimamia kambi, yuko kwenye kigari cha gofu na kimbwa kimekaa pembeni yake, akaangalia namba ya gari, akaandika tarehe kwenye kikaratasi, akanipa, akasema siku 14, takataka zako uondoke nazo, uwe na jioni njema. Akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshatoa leseni, nimetoa na grinikadi, mama watoto yuko mlangoni ananiambia kwa Kiswahili mpe na bima asije akasema hatuna. Mzee hata hakuzitupia jicho. Hakuuliza natoka wapi, nafanya kazi gani, hawa niliokuja nao ni nani zangu. Na hela hakuna, hata senti.

Kwa msiojua hii kitu iko hivi. Mimi napiga lori, barabara ya I-10 nimeipita sana, na kila ikifika Januari nilikuwa naona ule uwanda wote kushoto na kulia umejaa RV, yale magari yenye kitanda, jiko na choo ndani, maelfu kwa maelfu, nikadhani kuna maonyesho au mkutano wa injili. Kumbe ni wastaafu wamekimbia baridi ya kwao, Minnesota, Montana, mpaka Canada, wanakuja kuota jua. Wamepaki kwenye ardhi ya serikali, chini ya idara inaitwa BLM (sio ile Black Lives Matter ya maandamano, hii ilianzishwa 1946 na kazi yake ni ardhi). Sehemu nyingi za hiyo ardhi unaruhusiwa kuingia na gari lako, ukachagua pa kusimama penye alama kwamba watu walishawahi kukaa, ukalala. Hakuna maji, hakuna umeme, hakuna choo, hakuna mtu wa kukuhoji. Wiki mbili ndani ya siku 28, kisha huku kwetu unasogea maili 25, kama kilomita 40 hivi, unaanza upya. Anayetaka kukaa msimu mzima kuna eneo la La Posa, kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa dola 180 kwa miezi yote saba. Kwa mwezi hiyo haifiki hata dola 30, chumba kimoja tu Phoenix uliza bei yake halafu rudi tuongee.

Basi na sisi tukatafuta tela la mkono wa pili, la zamani, paa lake lilikuwa linavuja nikaziba mwenyewe, sola mbili juu, betri, tukaanza kuja. Na nisiwadanganye kwamba ni starehe tupu. Maji umebeba yako, yakiisha yameisha, na ya kuoshea vyombo hayamwagwi ovyo, yanaingia tanki la chini, lile tanki likijaa inabidi ufungashe uende mjini kulipia kumwaga. Kwa hiyo sahani unaifuta kwanza na karatasi mpaka iwe kavu ndio inaguswa na maji. Mboga za majani mama watoto anaosha nyumbani kabisa Phoenix anaziweka kwenye mifuko. Kuoga ni kopo. Wazungu wanatengeneza video kufundishana jinsi ya kuoga kwa lita nne, na watu wanaangalia kweli, mpaka na kalamu wameshika! Mimi nimekulia Temeke kwenye maji ya dumu, nikawa naangalia zile video naona kama kuna mtu amenifungulia shule ya chekechea.

Sasa twende kwenye kinachoniuma.

Hiyo ardhi ya BLM ni eka milioni 245. Ukigeuza ni kilomita za mraba zaidi ya 990,000. Tanzania nzima, weka Bara, weka Visiwani, weka na maziwa yote, ni kama 947,000. Yaani kuna nchi kubwa kuliko yetu ndani ya Marekani ambayo sehemu zake nyingi mwananchi, na hata mgeni kama mimi, anaweza kwenda kulala bila kumwamkia mtu. Wengi wanadhani wametupita kwa sababu walikuwa na ardhi ya kumwaga. Sio hivyo tu. Hizi ardhi ni masalia, wakulima walizikataa kwa ukame, serikali ikabaki nazo mkononi, halafu mwaka 1976 bunge lao likapitisha sheria kwamba kwa ujumla zibaki mali ya taifa. Maneno ya kwenye karatasi, ndio, lakini yule mzee wa kigari cha gofu anayafuata.

Na sisi karatasi tunayo! Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini kwa niaba yetu sote. Yote wakuu. Marekani hawajafika huko, huku serikali kuu ina kama asilimia 28 tu na kubwa zaidi ni ya watu binafsi. Kwa makaratasi sisi ni wajamaa wa ardhi kuliko wao mara tatu. Haya, chukua hema lako Ijumaa, nenda kasimamishe popote pale penye pori lisilo na mtu, sio hifadhi, sio shamba la mtu, pori tu. Hesabu dakika. Kwanza atakuja kijana na pikipiki, hasemi kitu, anaangalia. Kisha wanakuja wawili. Kisha mjumbe wa nyumba kumi, amechomekea shati, anataka kujua mmetumwa na nani. Kisha mtendaji anapiga simu anasema hakuna aliyepewa taarifa. Mpaka hapo hujalala, hujapika, na umeshatoa soda mara mbili. Na ukileta habari ya sheria namba 4 ndio umejimaliza, wewe ni mtafiti wa madini sasa, au chama pinzani.

Na simlaumu mjumbe. Mjumbe naye ana mtu juu yake wa kumuuliza. Tatizo ni kwamba kwetu mtu kukaa mahali bila sababu ni kosa ambalo halijaandikwa popote. Lazima uwe na shughuli. Likizo iliyopita tulikaa na watoto ufukweni upande wa Kigamboni, sehemu ya wazi, hakuna hoteli, jua linazama, mtoto anachimba mchanga. Akaja jamaa na kirungu, hana sare, hana kitambulisho, akasema hapa hapakaliwi. Kwa nini? Hapakaliwi. Ya nani? Akasema ni ya watu. Nikamwambia na sisi ni watu. Tukaishia kumpa elfu tano na jua lenyewe lilikuwa limeshazama. Zile mita 60 kutoka kwenye maji tunazoambiwa kila siku kwamba hazijengwi, haya hazijengwi, lakini pia hatukai, sasa ni za nani? Za kaa?

Najua mnachotaka kusema. Ameenda Ulaya juzi (Marekani, lakini kwenu kote ni Ulaya) tayari anatuona washamba. Hapana jamani. Mimi Desemba nikitua JNIA naanza kula chipsi mayai kabla hata begi halijafika nyumbani, na mkisema nchi yenu mbaya nitagombana na nyie. Wala sisemi huku pepo. Nchi hii hii inayoniachia jangwa bure, Mahakama yake ya Juu mwaka 2024, kwenye kesi ya mji wa Grants Pass kule Oregon, imesema miji ina haki ya kuwaadhibu watu wanaolala nje hadharani hata kama hawana pa kwenda. Yaani ukiwa na RV unalala porini unaitwa mpenda mazingira, ukiwa na blanketi unalala kwenye lami ya mjini unapigwa faini. Na humu humu jangwani, ukitembea kidogo mbali na wastaafu wenye sola za maana, utakuta magari ya watu ambao hawako mapumzikoni, kodi ya nyumba imewashinda. Mmoja wa majirani zetu wa msimu uliopita alikuwa mama mtu mzima peke yake kwenye kivani, madirisha amebandika karatasi za kuakisi jua, anafanya kazi ya ghala msimu wa sikukuu kisha anarudi hapa. Tulimpelekea wali na maharage ya nazi. Akatuuliza anadaiwa dola ngapi... nilitaka kulia.

Hapo ndipo nyumbani panapowapiga hawa bao, na nasema kwa sauti. Kwetu gari likikuharibikia kijijini usiku unagonga mlango wa mtu usiyemjua, unasema hodi, unapewa mkeka, unapewa uji, asubuhi unasindikizwa. Huku ukigonga mlango wa mtu usiyemjua usiku unaweza ukapigwa risasi. Lakini angalieni vizuri, kule kijijini nimelala kwa huruma ya mzee mwenye nyumba, Mungu ambariki, angekuwa mkali ningelala nje. Mimi nataka vyote viwili, huruma ya yule mzee na haki ya kutomhitaji. Ni tamaa? Basi ni tamaa.

Mwingine atasema hiyo ardhi unayoisifia imeporwa. Kweli kabisa, sibishi. Kaskazini ya hapa, upande wa Parker, kuna eneo la wenyeji, Wamohave na Wachemehuevi, lilitengwa mwaka 1865, na ukitaka kupiga kambi kwao unakata kibali chao na unalipa. Nalipa kwa roho safi. Wenye mali wanaruhusiwa kuuliza. Aliyenishinda ni yule wa Kigamboni.

Halafu kuna wale wa Watanzania tukipewa bure tutachafua. Hii inanikera kuliko zote kwa sababu tunajisema wenyewe. Nimeona hapa jangwani kochi zima limetupwa, godoro, tela limeungua limebaki vyuma, waliotupa sio Watanzania. BLM wakizidiwa wanafunga hilo eneo, wanasafisha, wanafukuza, maisha yanaendelea, ila hawajawahi kusema basi Wamarekani wote wakae ndani. Sisi mmoja akitupa chupa ya maji, kesho kuna geti, kesho kutwa geti lina risiti, na mtondo risiti zimeisha ila kulipa unalipa.

Na simba? Jamani simba! Sijasema mkalale Serengeti. Huku pia kuna nyoka wale wa kutikisa mkia, kuna dungusi inaitwa cholla ukipita karibu tu imeshakung'ang'ania suruali, kiangazi joto linapita 45 mtu anaweza kufa kwa kiu kabla hajaonekana. Hatari ni yako, umeambiwa, umeelewa, baki nayo. Kwetu hatari ndio kisingizio cha kwanza cha kukuzuia na cha mwisho cha kukuhudumia.

Leo asubuhi tumekwenda makaburini mjini, kuna kaburi la mtu anaitwa Haji Ali. Aliletwa 1856 kutoka himaya ya Waturuki aje kuchunga ngamia wa jeshi la Marekani, walikuwa wanajaribu kama ngamia watabeba mizigo jangwani. Mradi ukafa, yeye akabaki, jina likawashinda wakamwita Hi Jolly, akafa hapa 1902. Wamemjengea piramidi ya mawe, juu kuna ngamia. Tumemsomea Fatiha, watalii wakatusubiri tumalize ndio wakapiga picha zao.

Desemba hii nakuja na mahema mawili, tela nimeliacha huku. Nataka watoto walale porini usiku mmoja tu kwao, karibu na bahari au milimani, popote kuanzia Bagamoyo mpaka Lushoto, nje ya hifadhi na nje ya hoteli. Mwenye kupajua anielekeze, na anipe kabisa idadi ya watu wa kuwaona na kila mmoja anakunywa soda gani.